Koti la Kwenda Maabara

Binti yangu,

Naondoka ukiwa bado bafuni. Chai iko kwenye chupa. Vaa raba, maabara hawataki ndala.

Nilipobamiza kabati sikuwa na hasira. Ila shule imewaambia mchague mtu wa kumfuata kazini leo, mama yako ni muuguzi, nawe unamchagua mama mdogo wa maabara! Eti wodini kuna harufu. Harufu hiyo ndiyo iliyokulea.

~~Mwombe mama mdogo akuazime koti.~~ Vaa langu jeupe, liko nyuma ya mlango. Nililipunguza mikono nikidhani unakuja kwetu wodini. Jina langu kifuani sikulifumua, makusudi. Wakikuuliza huko maabara ni la nani, jibu kwa sauti, mama mdogo asikie.

Mama yako, wa wodini