Foleni ya Mashine ya Mama Yako

Hombolo,
Dodoma.
9 Machi, 2025.

Mpendwa mwanangu Shakila,

Assalaam alaykum. Najua ungekuwa hapa ungeanza kwa shikamoo, nami naipokea: marahaba. U hali gani huko Mtwara? Wagonjwa wako wanakupa nafasi ya kulala? Ile homa ya Rukia mdogo imeisha?

Mimi nipo. Miguu imevimba na pumzi ni fupi, kwa hiyo barua hii naiandika kwa vipande. Mama yako ndiye ananiuguza. Kila asubuhi ananiletea uji wa uwele na kunikemea nikiuacha.

Mvua huku zimekatika mapema. Zabibu za jirani zimenyauka, ingawa za ng'ambo ya bwawa ni nzima. Sielewi kwa nini.

Shakila, nasikia hujazungumza na mama yako tangu Idi. Unaamini amekula fidia ya mashine yetu ya Kikuyu, pale Dodoma mjini, au amempa kaka yako, maana ulitarajia nyingi na ukaona kiwanja cha Hombolo na banda la mabati alimohamishia mashine. Nataka kusema jambo kabla sijaondoka. Sina hakika nitalisema vizuri.

Unaikumbuka foleni ya mashine ya kusaga. Wanawake walipita mashine mbili njiani ili wafike kwa mama yako, kwa sababu alifagia kinu kabla ya kubadilisha nafaka, na mwenye nafaka ya msiba alisagiwa kwanza, bure. Barabara ilipotaka kupanuliwa, akaja kijana mthamini, Noeli, niliyemfundisha mwenyewe chuoni. Akapima jengo, akapima ardhi, nami nimesimama kando. Kisha akauliza, "Mama, ukitoa gharama, kwa mwezi unabaki na faida gani?"

"Faida iko wapi, mwanangu?" mama yako akasema. "Tunasogeza siku tu. Mashine yenyewe inakunywa dizeli kuliko ng'ombe wanavyokunywa maji."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akacheka. "Huyo Bi Mwajabu, hata akishiba pilau atakwambia ameonja."

Wote walicheka, hata mama yako. Unajua sisi watu wa Kondoa: mtu hataji neema yake mbele ya watu. Mimi nilijua. Noeli ni mtu wa mbali, hakujua. Lakini alisita, akanigeukia: "Mwalimu, niandike hivyo?"

Nikamwambia, "Andika alivyosema."

Basi akaandika kwamba faida hakuna, na fidia ya biashara hupimwa kwa faida. Mama yako hajui mpaka leo kwamba neno lile liliandikwa. Hakukula kitu, Shakila. Alipewa kidogo.

Unaweza kuuliza kwa nini nilisema vile. Ninajiuliza pia. Siku nyingine naona nilikuwa namstahi shemeji yangu, kwa sababu kumsahihisha mbele ya wageni kungekuwa kumwita mwongo kwenye biashara yake. Siku nyingine naona ni ubishi wa mwalimu: hakuna vitabu vya hesabu, basi hakuna faida. Na zipo siku ninapohisi niliogopa tu kwamba Noeli angeniuliza, "Mwalimu, sasa foleni hii tuipimeje?" nami sikuwa na jibu. Nimejaribu kuchagua sababu moja nimeshindwa.

Darasani nilifundisha kwamba watu kuizoea biashara na kuirudia nako ni mali, na kwamba nchi nyingine humlipa mwenyewe fidia yake anapoondolewa mahali pake. Nilifundisha kwa sauti kubwa. Lakini fikiri nami. Kama wateja walikuwa wake, mbona hawakumfuata huku? Kama walikuwa wa ile kona, basi kona ilichukuliwa pamoja nao na hakuna aliyewalipia. Nikishakubaliana na hili la pili, anatokea Bi Sidonia ametoka Kikuyu na debe lake la uwele, nauli kwenda na kurudi, anadai unga wa kwingine unanuka mahindi. Hapo navurugikiwa tena.

Noeli anasema muda wa kupinga fidia ile umepita. Wakili mmoja anasema haujapita. Nimewaambia wote wawili nitatoa ushahidi nikiwa bado na sauti, ingawa wakiniuliza faida ilikuwa kiasi gani sitaweza kutaja.

Mama yako sijamwambia. Nala kwa mkono wake, na kila ninapotaka kuanza ananiambia nimalize uji kwanza. Wewe nishauri.

Jana mpita njia alimwuliza mama yako mashine inaendeleaje. Alikuwa ameshafagia kinu, kama kila siku, na hakuna aliyeleta nafaka. "Tunasogeza siku tu," akajibu, kwa sauti ile ile ya siku zile za Kikuyu. Nami kitandani nikawa nasikiliza, namngoja mtu wa foleni acheke.

Mpigie simu, mwanangu. Usimwulize fedha. Mwulize nani amesaga leo, umwache aseme.

Nisalimie mumeo Ibrahimu, Rukia mdogo, na shangazi yako Tabu ukimpata. Kaka yako Hassani anakusalimu. Hana kosa katika haya. Mwenyezi Mungu akuweke, na mikono yako iendelee kuponya watu.

Akupendaye sana,
baba yako mdogo,
Uwesu