Bolti iliyokatikia ndani

Jumanne, baada ya Isha

Mpaka sasa naisikia ile sauti ya bolti kukatika ndani ya injini ya pikipiki ya Bi Mize. Spana niliivuta mimi. Pikipiki ile ndiyo inayombebea mwani wake kule Bwejuu, na hana nyengine.

"Bi Mize, nimeikata," nikamwambia.

Hakukasirika. Alichutama, akachungulia tundu. "Kwani imeshikwa na nini humo?"

Nikamwambia ni chumvi. Mwani mbichi unachuruzika mpaka kwenye injini, na bolti inashika kutu.

Nilitaka kutoboa kwa drili, nikaogopa. Ikipinda kidogo tu, injini yenyewe imekwisha. Basi nikachomelea nati juu ya kipande kilichobaki, nikakaa kusubiri.

"Sasa wangojea nini?"

"Kipoe. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hurudi. Huko kurudi ndiko kunakoiachisha kutu."

Akanyoosha mkono. "Nipe mimi nijaribu."

Nikampa spana. "Taratibu. Mbele kidogo, nyuma kidogo."

Kipande kikalia, kikagoma, kisha kikazunguka. Kilitoka kizima, kimeng'oa na nyuzi za tundu, ile mikato ya ndani inayoishika bolti. Kesho nitalipanua tundu nitie nyuzi mpya.

"Zinatiwaje?" akauliza. Anataka kuja kuangalia.

Miaka yote wateja wangu hukaa kivulini hapa karakanani kwangu Chukwani, wakiniuliza itakwisha saa ngapi. Leo nimeulizwa kwa nini, na nimefurahi mpaka usingizi hauji.