Doa la Piko Katika Picha ya Idi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bagamoyo. Jumanne, tarehe 1 Aprili 2025, saa 3:40 asubuhi.

Jina: Mwanajuma Shuaibu. Umri: miaka 36. Dini: Mwislamu. Elimu: kidato cha nne. Kazi: mchora hina na piko. Makazi: Dunda.

Mimi ni dada wa Kuruthumu Shuaibu, miaka 23, aliyekwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Tarehe nazisoma katika shajara yangu, ninayo hapa.

Ijumaa tarehe 10 Januari, saa 10 jioni, nilimchora piko mkono wa kulia. Alicheka, akasema, "Dada, naenda kuosha vyombo vya watu, unanipamba kama bibi harusi!" Kabla piko halijakauka alishika kanga yake. Ua la kidole gumba likaharibika, likabaki doa refu hadi kifundoni. Nilimgombeza.

Kesho yake saa 12 asubuhi alichukuliwa na Mwinshehe, wakala wa Mapinga. Pasipoti alikuwa nayo Mwinshehe.

Kuruthumu alinipigia mara moja tu, tarehe 19 Januari. Baada ya hapo salamu zake nililetewa na Mwinshehe kwa maandishi. Nilipoomba nisikie sauti yake, alisema, "Mwajiri haruhusu simu." Sikumwuliza yeye hizo salamu anazipataje. Nilipaswa kumwuliza.

Jana, siku ya Idi, saa 4:15 asubuhi, Mwinshehe alinitumia picha na maneno haya: "Mdogo wako leo hii. Idi Mubarak." Kuruthumu ameshika sahani ya tambi. Mkononi piko lingali jeusi, na doa ni lile lile. Piko halimalizi wiki tatu. Tangu nimchore hadi jana zimepita siku themanini.

Nilimpigia. Akasema, "Kwani huko hawachori? Wewe una wivu tu, bibi." Nikamwambia ua ni langu na doa ni la Kuruthumu. Akakata simu. Saa 5 aliifuta picha, lakini nilikwisha kuihifadhi.

Leo asubuhi Dija, binti wa jirani yangu, amekuja nimchore. Anaondoka Alhamisi na Mwinshehe huyo huyo. Sikumchora.

Nimesomewa maelezo haya na ndivyo nilivyosema. Mdogo wangu yuko wapi sijui. Hilo ndilo lililonileta.

Sahihi: M. Shuaibu

Yameandikwa nami, Koplo Husseni. Picha imepokewa. Shahidi ameelekezwa arudi Ijumaa, baada ya sikukuu. Amejibu kuwa Alhamisi inatangulia Ijumaa, na amekaa kwenye benchi la mapokezi.