Mbu Waliotaga Mno

Dada yangu mpenzi,

Goti langu limepona, na paa halivuji tena. Nakuandikia kuhusu mwanao, uliyenikabidhi nimfundishe kutunza mbu wa maabara yetu.

Kazi yake ilikuwa kuwalisha mbu damu yenye vimelea vya malaria. Mbu anayepigana na vimelea humaliza nguvu zake huko, hivyo hutaga mayai machache. Mbu wa mwanao walitaga kama wazima. Nilipomuuliza, alicheka: "Mjomba, wangu wanajua kujikaza!" Sikumwamini.

Jana nilimwambia kuwa kifaa cha kuwalishia kimeharibika, kwa hiyo awape mbu wale wale mkono wake wauume. Alikunja mkono wa shati huku akipiga mluzi. Nilimshika kabla hajaingiza mkono katika kizimba cha mbu.

"Kama kweli uliwapa vimelea, mbona huogopi?"

Mluzi ulikatika. "Damu ile niliiogopa, Mjomba. Niliwapa safi."

Woga ningemsamehe. Lakini alituletea matokeo ya uongo, nasi tunatafuta dawa ya kuwanywesha watoto wa watu. Nimemwachisha kazi.

Atakuambia nimemwonea. Mpokee, umpe chakula, kisha umuulize kwa nini alikunja mkono wa shati bila woga.

Mimi nduguyo,
Kaka