Hongera Niliyoipokea Dukani

Mwembesongo, Morogoro

Mama yangu mpenzi,

Kabla hata ya shikamoo, naomba nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Rehema ninayekaa naye dawati moja. Nimemnunulia mtoto wa dada kitambaa. Najua hajazaliwa. Siku ile tunafunga begi langu ulininyooshea kidole ukasema safari hii hatununui hata soksi mpaka tumsikie analia, na tumbo la dada lisitajwe nje ya nyumba yetu, hata kwa ndugu, maana mara ile walijua wote na ikawa vile ilivyokuwa. Nikakuitikia, "Ndiyo Mama." La kwanza nimelivunja mwenyewe. La pili ndilo linalonifanya nikuandikie.

Sasa shikamoo, Mama. Kifua cha Baba kinaendeleaje na baridi hiyo ya Njombe? Na dada, bado anaficha udongo kwenye mfuko wa sweta akidhani humwoni? Mimi mwili hauna neno. Huku mvua inanyesha mlimani tu, sisi wa chini tunaletewa matope. Shule inaendelea, na Shangazi ananitunza vizuri, tena siku hizi ananitunza kupita kiasi, na utaona kwa nini. Ningekupigia simu, ila unaijua simu ya Shangazi: spika imekwama kwenye sauti ya juu, ukisema "haloo Mama" anayepita njiani anakuitikia.

Ilianza na vipande. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akimaliza kukata magauni ya vitenge anavitupa vipande kwenye kiroba nje. Nikamwomba, akasema chukua tu, unanipunguzia kazi ya kuchoma. Nikawa nakata miraba, naiunga kwa mkono nikitoka shule. Mwanzoni sikujua naunga nini. Kisha usiku mmoja wa baridi, huku tunaita baridi, nyie mngecheka, nikamfikiria mtoto wa dada anazaliwa huko kwenye ukungu, nikajua kumbe nashona blanketi lake.

Lakini viraka peke yake havifuniki mtoto, vinataka kitambaa laini cha kuvishikilia kwa chini. Kitambaa kiko dukani. Na mimi, Mama, maduka ya vitambaa nayaogopa. Darasani nikiulizwa kwa Kiingereza najibu moyoni vizuri kabisa, mdomoni hakitoki kitu, na watu wanadhani sijui. Mbele ya kaunta hata Kiswahili nilichozaliwa nacho kinanikimbia.

Duka la kwanza, karibu na soko, kijana alinidaka mlangoni na jora begani. "Karibu dada, shika, shika tu, kushika hatutozi!" Nikashika kwa adabu. Nilipoinua macho mkasi ulikuwa umeshapita. Nikatoka na mita ya satini ya njano inayong'aa kama ya kupambia ukumbi wa harusi. Mtoto angelala humo angeteleza mpaka chini.

Duka la pili alikuwapo mama mmoja mteja ambaye ningependa kuwa yeye nikikua. Alilowesha kidole kwa mate, akasugua ncha ya kitenge, akakiangalia kidole.

"Kinachuja hiki."

"Kinachuja? Hicho utazikwa ukiache, mama!"

"Basi kiandikie wasia, mimi sikitaki."

Duka zima tukacheka, mpaka na mwuzaji. Nikapata ujasiri, nikauliza kama anakata nusu mita. Akanitazama chini juu. "Nusu hatukati, binti. Na kama umekuja kutazama, tazama kwa macho, mikono iache nyumbani." Wakacheka tena, safari hii mimi nikiwa ndiye kichekesho. Nilifika stendi ya mabasi ya Msamvu bila kujua nimefikaje, na nyumbani ni upande mwingine.

La tatu ni kaduka kembamba, la mama mtu mzima wanayemwita Mama Shani. Yeye hakuniuliza nataka nini. Alisema, "Kaa kwanza, jua kali." Nikatoa viraka vyangu kwenye mfuko. Akafagia sakafu, akaniambia vitandaze hapo. Wateja wakawa wanaviruka na kila mmoja anatoa amri yake: "Huo mwekundu sogeza pembeni, unapiga kelele." "Aa, uache katikati, ndio moyo wenyewe." Akina mama wawili wasiojuana wakabishana juu ya blanketi langu kama lao. Mama, nilifurahi mpaka nikasahau kuona haya.

Mama Shani akashusha jora la pamba nyeupe, akaniwekea ncha shavuni nisikie ulaini. Akauliza, "Ya mtoto hii?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Hongera, mwanangu."

Hapo ndipo pabaya pangu. Ningesema si wangu, angeuliza wa nani. Ningesema wa dada, tumbo la dada lingekuwa limetajwa dukani mbele ya watu, na sauti yako niliisikia sikioni. Na hongera haiachwi ikaning'inia, mtu anaipokea. Nikasema, "Asante."

Ndipo akaiona sketi ya shule chini ya kanga yangu. Hakupiga kelele. Alisubiri wale wateja watoke, akanisogelea. "Una nani hapa mjini?" Nikamwambia nina shangazi. "Anajua?" Nikaanza kukunja viraka vyangu. Akakata kitambaa nilichotaka, halafu akaongeza kipande kingine juu yake, nyongeza kubwa kuliko nilichonunua. "Hiki ni changu kwa mtoto. Mtoto hana kosa. Na wewe usije ukafanya jambo la kijinga, unanisikia? Ukikwama, rudi hapa."

Nikukirie yote? Ningeweza kumsahihisha pale, tulikuwa wawili tu. Sikutaka. Hakuna mtu wa dukani aliyewahi kusema nami kwa sauti ile, nikaona nikifungua mdomo itakatika.

Kumbe Mama Shani na Shangazi ni wapishi wa shughuli, hupika pamoja. Jumapili walikuwa wanapika pilau ya hitima mtaa wa pili, nami nikapeleka ndoo ya maji. Nikamwona na mwiko mkononi, naye akaniona, na Shangazi akasema kwa fahari, "Huyu ndiye binti wa kaka yangu niliyekwambia." Mama Shani hakunitangaza, usimfikirie vibaya. Alimvuta Shangazi pembeni ya masufuria, nikaona anamshika mikono yote miwili, kama mtu anayemwombea mwingine. Baadaye nikajua alikuwa anamwomba asinipige.

Ningepigwa ingekuwa nafuu. Shangazi alirudi nyumbani akanipakulia nyama zake. Kesho yake nimeinama kubeba ndoo, akaninyang'anya: "Acha! Hiyo nzito kwako." Ananinunulia ndizi mbivu na machungwa. Juzi nilipiga chafya, akaliacha wazi genge lake la mboga akaja kunishika paji la uso. Usiku nasikia anaomba dua na jina langu limo ndani.

Ameniuliza kwa njia zote. "Una la kuniambia?" Hapana, Shangazi. "Mimi simba?" Hapana, Shangazi. "Hata mimi nilikuwa msichana, Saumu." Kila akiuliza najiona nafungua mdomo, na ndani ya mdomo amesimama dada na tumbo lake, na wewe na kidole chako. Nafunga.

Leo mchana akasema kwa upole, huku anachambua mchicha asinitazame, "Kesho asubuhi tutapita zahanati kabla ya shule. Si kwa ubaya, tujue tu. Wazazi wako sijawapigia. Nilitaka nisikie kwako kwanza."

Mama, kipimo hakinitishi, jibu lake nalijua kuliko nesi. Ila tukitoka pale, Shangazi atakuwa ameiamini zahanati, mimi atakuwa hajaniamini. Nitaendelea kulala nyumbani kwake na jambo hilo litakuwa limelala katikati yetu. Nataka aniamini leo, kabla ya kupimwa, kwa neno langu. Na neno langu halitamkiki, linaandikika tu, hivyo ndivyo nilivyo.

Kwa hiyo nisamehe. Kuanzia leo tumbo la dada litajulikana na mtu mmoja zaidi. Ni dada yake Baba, na nimemsikia usiku anavyoomba. Mtu anayeomba hivyo kwa ajili ya mimba ambayo haipo, sidhani kama ataiombea mabaya iliyopo. Blanketi silitumi mpaka unipigie kwa ile simu isiyo na siri na nimsikie mtoto analia mwenyewe. Ukiona nimekosa, nigombeze mimi. Dada usimwambie lolote la kumtia hofu.

Msalimie Baba, mwambie nafunga kifungo cha juu cha sweta kama alivyoagiza. Bibi mzaa wewe mpe shikamoo yangu na umkumbushe dawa ya macho. Kaka mdogo mwambie kalamu zake za rangi nimezikuta begini mwangu, aache kulia. Mjomba wa karakana, na mama jirani anayetuazima kinu, wote nawasalimu. Dada mbusu shavuni, useme imetoka kwangu bila sababu.

Tangu nianze kuandika nimeifunika karatasi hii kwa atlasi kila mtu akipita. Sasa nasikia ndala za Shangazi ukumbini, amemaliza kuswali alasiri. Zinakuja huku. Atlasi nimeiweka sakafuni. Viraka nimevitandaza kitandani, upande mzuri juu, pamba ya Mama Shani ikiwa chini.

Amesimama mlangoni. Anapiga hodi, Mama, nyumbani kwake mwenyewe anapiga hodi kwangu. Namkaribisha. Nitampa kiti hiki na karatasi hizi kuanzia ya kwanza, nami nitakaa kitandani, pale anapoweza kuniona.

Ni mimi mwanao,
Saumu