Vidonge Ndani ya Mkebe wa Majani Chai

Mama,

Kabla sijakusalimu nina swali, na usinijibu kwa lile tabasamu lako. Kwa nini hukumeza zile dawa?

Tulipomaliza kukuzika na watu wakaenda zao, nilibaki jikoni kwetu Kanja nikipanga vyombo, nikafungua ule mkebe wako wa zamani wa majani chai. Vidonge vya presha nilivyokuwa nakuletea vilikuwa humo, karibu vyote; ni pakiti moja tu iliyotobolewa, vidonge vichache. Kila nilipokupigia simu kutoka chuoni Meru nilikuuliza, "Mama, dawa unameza?" Nawe ulinijibu, "Ndiyo, daktari wangu." Daktari wangu! Nilikuwa nakata simu nikicheka. Sasa sicheki. Nina hasira nawe, Mama, na sijui mtu huipeleka wapi hasira yake kwa marehemu.

Tangu siku hiyo simwamini mtu. Shangazi akisema ile leso yako ya maua ulimpa mwenyewe, namtazama mikono anapozungumza. Jirani akinisalimia kwa furaha kupita kiasi, naenda kuangalia kama ua wa mpaka umesogea. (Nadhani umesogea.) Njeru alinipigia kusema ng'ombe wako amezaa ndama jike na wote wawili ni wazima. Nikamwambia anitumie picha. Ndugu yangu wa tumbo moja, Mama, namdai ushahidi.

Huku chuoni tumefika ukingoni. Kabla ya kuhitimu, sisi wanafunzi wa uuguzi tunafunzwa kuongoza kazi ya afya kijijini: kuitisha mkutano, kusikiliza watu, kupanga pamoja nao. Kundi letu lilipotakiwa kuchagua kiongozi, Mutwiri alisema, "Si Wawira akuwe tu leader, maneno iishe," na wote wakapiga makofi. Haraka hivyo? Nikajua wanatafuta mtu wa kubebeshwa lawama. Nilikubali huku nikiwakodolea macho mmoja mmoja.

Tukapelekwa kijiji kimoja upande wa Ishiara, kwenye lile joto ambalo wewe ungelilalamikia mpaka jioni. Kimbeere, lugha ya huko, kinakaribiana na Kiembu chetu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri maneno mengi. Watu walikusanyika kanisani, tukawaeleza habari za presha na umuhimu wa kumeza dawa kila siku. Tukauliza ni nani wana dawa na wanazimeza. Mikono ikainuka. Mtaendelea kumeza? Ndiyo. Kuna shida yoyote? Hakuna. Wakatupa uji, wakatuombea safari njema. Mwalimu wetu, Madam Karimi, alifurahi sana, akatuambia tuandike kwamba jamii imekubali.

Lakini mimi niliisikia ile ndiyo, Mama. Ilikuwa yako kabisa, ile tamu, ya haraka, ya kumfanya mgeni arudi kwao akiwa ameridhika.

Nikamwomba Madam ruhusa ya kurudi kesho yake bila kundi. Nilivua aproni nikajifunga leso, nikaenda kwa bibi mmoja aliyekuwa ameinua mkono juu kuliko wote. Ni nyanya, wanamwita Cucu Igoki, anaishi peke yake. Nilimkuta mlangoni akipepeta ndengu, nikakaa kumsaidia. Macho yangu yalikuwa yanapekua nyumba kama ya polisi: kabati, dirisha, nyuma ya redio. Nilitaka kumfumania. Nikamuuliza kama anameza dawa zake.

"Ndiyo, daktari," akasema.

Nikaanza kulia, Mama. Nililia juu ya ungo wa wenyewe. Nikamweleza habari zako zote, simu zetu, mkebe, vidonge. Alisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilipomaliza akaniuliza, "Na choo cha mama yako kilikuwa wapi?"

Nilidhani akili imemruka. Nikamwambia, kilikuwa chini, mbele ya mibuni. Akaguna. Kisha akasimama, akaingiza mkono nyuma ya gunia la ndengu na kutoa vidonge vyake, vya aina ile ile ya vyako. Alinieleza kwamba aliambiwa ameze kimoja kila siku baada ya chakula. Chakula chake cha maana ni cha jioni, kwa hiyo alikuwa anameza jioni. Kidonge kile kinatoa maji mwilini, na kilimwamsha usiku kucha kutoka nje gizani, na magoti yake hayo, na nyoka wa huku. Alianguka mara moja. Akaacha dawa.

"Cucu, mbona hukusema pale kanisani?"

"Nianze kuambia watoto wa watu mambo ya mkojo? Mbele ya pasta?"

Nikamwambia hiyo ni dawa ya kumeza asubuhi. "Ni hiyo tu?" akasema. "Na mbona hakuna mtu alisema?" Alikuwa amekasirika, na nilipenda hasira yake. Nilimpeleka zahanati apimwe upya kabla hajaanza tena, na tulitembea polepole kwa sababu ya magoti.

Sasa nakurudia wewe. Njia ya choo chetu ni mteremko, na mvua ikinyesha inateleza. Goti lako la kushoto ulikuwa unalisugua ukidhani sikuoni. Na ulikuwa unakula kwa kutulia jioni tu, ukishamaliza kukama. Nashuku ni hilo, Mama. Nashuku vilevile kwamba hukuamini dawa iliyoletwa na mtoto uliyemfunza mwenyewe kuvaa viatu. Sitajua kamwe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkebe.

Siku ya kutoa taarifa nilisimama mbele ya wote nikasema, "Hawakukubali. Walitukaribisha tu." Nikaeleza habari za bibi mmoja, bila kumtaja jina. Nilimwangalia Madam Karimi nikingoja anigombeze, lakini alifunga kalamu yake, akatuagiza turudi nyumba kwa nyumba bila aproni, na tusiwe na haraka. Mutwiri alilalamika kuhusu jua njia nzima. Ila alienda, na alikaa na wazee mpaka wakamzoea. Simshuku tena. Sana.

Njeru alituma ile picha. Ndama ana doa jeupe kwenye paji, na amesimama vizuri.

Pumzika, Mama. Hasira imepungua, haijaisha. Nitakapohitimu nitavaa leso yako, hata ikibidi nimvue shangazi. Na ninakuahidi jambo moja: mtu akiniambia ndiyo, nitamshukuru, nitakaa chini nimsaidie kazi aliyo nayo, halafu nitamuuliza choo chake kiko wapi.

Daktari wako,
Wawira