Asali ya baba inanuka waridi

Dada Upendo, shikamoo. Huku Misigiri upepo na vumbi vina hasira, ila havinishindi mimi kwa hasira. Asali aliyoiomba baba huko kitandani unakomuuguza, kitu pekee anachosema kitapita kinywani mwake, imeharibika. Ilirinwa ikiwa safi kabisa, kisha shangazi akaichuja kwa kitambaa kipya cha pazia alichonunua mnadani. Sasa inanuka waridi. Pakiti ya kitambaa hicho inasema manukato yamefungiwa ndani ya chembe za nano, ndogo kuliko vumbi, zinazong'ang'ania nyuzi na kuyaachia kidogo kidogo. Hili ndilo soko huria wanalotuhubiria: bomba halina maji ya kufulia, lakini tumeletewa harufu isiyotoka kwa kufua.

"Nilikichemsha mara mbili," shangazi akajitetea. "Mwambie kaka yangu uzeeni nimeanza kujipulizia marashi."

"Shangazi, mtu anaumwa."

"Ndiyo maana nataka acheke."

Lilibaki sega moja ambalo halikuchujwa. Nilitoka kuulizia basi la kulileta huko, nikarudi nikakuta shangazi amelifunga kwa kipande cha pazia lilelile, eti lipendeze. Nimelihamishia kwenye sufuria. Nadhani nimewahi, lakini pua yangu imejaa waridi na siwezi tena kuamua. Baba ndiye ataonja na kutuambia.

Mgeuze taratibu, na wewe ulale kidogo. Nakupenda hata ninapofoka.

Mdogo wako,
Naomi